Hitaji Si Langu

Umbeya ukiokoka haufi. Hubadilisha jina tu, ukaitwa mahitaji ya maombi.

Ninaye jirani hapa Kimara, tumepanga nyumba moja, mlango wake unatazamana na wangu. Watoto wa uani wamempachika jina la Mama Saa Mbili, kwa heshima ya taarifa ya habari, naye analijua na wala halimuudhi. Zamani alikuwa anaanza maneno yake kwa "mimi sipendi kumsema mtu, ila..." Siku hizi anaanza kwa "Bwana asifiwe". Habari ni ile ile na msemwa ni yule yule. Tofauti ni kwamba zamani ungeweza kumwambia basi, mama, yaache hayo. Sasa ukimkatiza unaonekana unapinga maombi.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mlutheri yeyote wa Dar es Salaam anaijua ratiba: wimbo, neno, sadaka, matangazo, na chai kama mwenye nyumba kajaliwa. Kabla ya sala ya kufunga, kiongozi huuliza kama kuna mwenye hitaji. Hapo wengi wetu tunataja safari, mitihani ya watoto, na mgonjwa wa Moshi. Mama Saa Mbili hukohoa kwanza.

"Wapendwa, nina hitaji. Ila si langu."

Hata wazee waliokuwa wanasinzia hufumbua macho.

Hiyo "si langu" ina ufundi wake. Jina hataji kamwe, na ukimlaumu ataapa kwamba hakumtaja mtu. Atasema tu kuna binti wa nyumba yenye geti la bluu, na mtaa mzima una geti la bluu moja. Atasema kuna baba fulani amepunguzwa kazini na kila asubuhi anavaa shati na kutoka ili mkewe asijue, na huyo mke amekaa pale pale kwenye mkeka, ameshika Tumwabudu Mungu Wetu yake, anaanza kupiga hesabu ni lini mara ya mwisho kuona mshahara. Kisha tunainamisha vichwa na kuomba. Nimeona watu wakiomba huku jicho moja liko wazi, wanatafuta nani ametoka jasho.

Zamu yangu ililetwa na jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, lililokuwa limeninyima usingizi, nikaenda kuling'oa. Daktari akanichoma ganzi ya kutosha ng'ombe, akavuta, akaniwekea pamba, akaniambia niume na nisiongee. Nikapanda bodaboda. Nilipofika nyumbani shavu limefura, midomo nimeisahau kama ni yangu, na mate yanatoka upande mmoja kwa hiari yao. Getini Mama Saa Mbili amekaa kwenye kigoda anachambua mchele.

"Shemeji, Bwana asifiwe! Vipi tena?"

Nilitaka kusema "jino". Kilichotoka ni sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikaona bora nipunge mkono, na katika kupunga nikajikwaa kwenye kizingiti, nikashika ukuta. Kwa mtu mwingine hiyo ni ajali ya kawaida. Kwa yule mama ni ushahidi.

Mchana ule ule ikajulikana kwamba nimeanza pombe, tena za asubuhi. Jioni, walioniona nikitoka kuchota maji na shavu langu, waliirekebisha taarifa: si pombe peke yake, nimepigwa. Swali likabaki ni nani aliyenipiga. Mke wangu ana mwili, mimi sina. Hesabu ikajikokotoa yenyewe. Siku ya pili yake mama wa genge alimwongezea mke wangu nyanya bila kuombwa, akamnong'oneza, "Dada, hasira hasara." Mke wangu akarudi nyumbani akiusifu ukarimu wa yule mama, ila akashangaa kwa nini ukarimu huo uje na methali.

Jumamosi mimi sikwenda, taya bado linauma. Alikwenda yeye peke yake. Aliporudi alikuwa na huzuni ya kweli machoni.

"Baba watoto, kuna mwanamume hapa mtaani anapigwa na mkewe. Masikini! Tumemwombea mpaka watu wamelia. Mimi mwenyewe nimeomba kwa sauti."

"Nani?"

"Hakutajwa. Ila kumbe kuna wanawake wana roho ngumu."

Tuliyapata majibu jioni yake. Wazee wa kanisa wawili walipiga hodi, wamevaa makoti, mmoja ana Biblia kwapani. Wakakataa soda, jambo ambalo kwa wazee wetu ni dalili ya hatari. Wakaomba wakae na mimi kwanza, mama atupishe kidogo. Mke wangu akatoka, bado hajaelewa. Yule mkubwa akaniwekea mkono begani.

"Usiogope, baba. Hapa tupo wanaume. Funguka."

Kufunguka ndiko kulikokuwa kunanishinda. Nikapanua mdomo hadi pale taya liliporuhusu, nikawaonyesha shimo kwa kidole. Mzee akawasha tochi ya simu, akainama, akachungulia kwa muda mrefu, akamwita mwenzake naye achungulie. Wakatazamana. Kisha kwa sauti ya upole kuliko zote akauliza, "Na hili alilitoa kwa ngumi, au kwa kitu?"

Kutoka nyuma ya pazia la mlango nikasikia mke wangu akianguka kwa kicheko, na nina hakika kicheko kile nacho kilifika mtaa wa pili kama kielelezo cha roho ngumu.

Usiku ule nilifungua Zaburi ya 109. Asiyeijua asiikimbilie. Ndiyo zaburi ya mtu aliyesemwa vibaya mpaka uvumilivu ukamwisha, naye hamwombei msengenyaji wake baraka. Anamwombea siku zake ziwe chache, watoto wake watangetange wakiomba chakula, na mwenye kumdai akamate vyote alivyo navyo. Mwenzangu mmoja wa ofisini, Mkatoliki, aliniambia kwamba ilikuwa kali kiasi kwamba Kitabu cha Sala za Vipindi kilipofanyiwa marekebisho chini ya Papa Paulo wa Sita, mwaka 1971, iliachwa nje pamoja na ya 58 na ya 83. Sisi Walutheri Biblia yetu bado inayo nzima, na sikuona sababu ya kuiacha ikae bure.

Shida ilianza nilipofika kwa watoto. Mtoto mdogo wa Mama Saa Mbili ndiye anayekula kwetu siku ambazo kwao ni dagaa, ananiita baba mkubwa, na wakati ninasoma alikuwa amelala kwenye kochi langu na rimoti mkononi. Kumwombea atangetange akitafuta chakula ni kumwombea aendelee kuja kwangu. Nikaruka mistari hiyo, nikaenda kwa mwenye kumdai. Hapo nako nikakwama. Mama wa watu ana mkopo wa kausha damu, na wiki iliyotangulia tu walikuja kumchukulia friji mbele ya kadamnasi. Zaburi ilikuwa imechelewa. Nikafunga kitabu.

Ukishashindwa na Daudi, Mlutheri unarudi kwa Luther. Katekisimo Ndogo niliikariri kipaimara, kwa fimbo, na bado iko kichwani ingawa namba ya NIDA haikai. Mzee yule aliiandika mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika za Saksonia na kukuta watu, na hata wachungaji wengine, hawajui hata Baba Yetu. Katika amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, hakuridhika na kutuambia tusiseme uongo. Akaongeza kwamba tumtetee jirani, tumsemee mema, na kila alifanyalo tulipe tafsiri iliyo nzuri zaidi.

Jaribu hilo siku moja uone. Nilianza nalo Jumatatu. Mama Saa Mbili amesimama dirishani kwangu? Anapunga upepo. Anauliza LUKU yetu imebaki uniti ngapi? Anatujali tusilale giza. Amemwambia mwenye nyumba kwamba nina wageni wanaolala? Anatusaidia kutangaza ukarimu. Kufika Alhamisi kichwa kilikuwa kinaniuma kuliko lile jino, maana kumtafsiri mtu vizuri kutwa nzima ni kazi ya mikono.

Kilichonipa nguvu ni mahali pengine katika kitabu kile kile, kwenye maelezo ya mkate wa kila siku. Luther anaorodhesha vitu tunavyoviomba tunapoomba mkate: chakula, nguo, viatu, nyumba, shamba, mke mwema, serikali nzuri, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki. Na mwisho kabisa, baada ya hata mvua na jua, ndipo anapowataja majirani waaminifu. Mtu hamweki jirani nyuma ya hali ya hewa bila sababu. Nyumbani kwake Wittenberg, mezani, walikuwa wanakaa wanafunzi na wageni, na baadhi yao walikuwa na kalamu. Alichosema akiwa anakula, akiwa na hasira, akiwa amekwisha kunywa bia aliyotengeneza mkewe, kiliandikwa. Mwaka 1566, miaka 20 baada ya kufa kwake, kikachapishwa kitabu kinene cha mazungumzo yake ya mezani, na hadi leo watu wanakisoma. Nikamshukuru Mungu. Mama Saa Mbili angalau haandiki.

Jumapili moja mchungaji alihubiri Yakobo sura ya tatu, habari za ulimi kuwa moto. Lilikuwa hubiri zito, na sina shaka alikuwa amepata malalamiko. Mimi nilikuwa namwangalia yule mama kwa pembeni, nione neno likimchoma. Likamchoma kweli. Alikuwa anatikisa kichwa, anasema "kweli, Bwana", anafuta machozi kwa kanga. Nikasema leo amepona. Tulipotoka nje, kwenye mnada, wakati wanatangaza jogoo wa mavuno, akanisogelea, akanishika mkono kwa huruma.

"Shemeji, neno la leo lilikuwa lako moja kwa moja. Hawa watu wanaokusema wamesikia."

Kisha akamgeukia mpiga mnada akapaza sauti, "Mwongezee huyu, jana wamelipwa!" Jogoo niliondoka naye kwa bei ambayo ningenunua kuku wanne pale sokoni.

Mke wangu, ambaye hana muda wa Zaburi za laana, ndiye aliyesema tumwombee kheri. Nilikubali, lakini kheri niliyochagua ilikuwa na mwelekeo. Nilimwomba Mungu amwinue. Ampe nafasi kubwa zaidi. Amtoe pale alipo. Kichwani nilikuwa ninaona kiwanja Chanika, au hata Kibaha, chenye hewa safi na majirani wachache. Niliomba kwa bidii, naye mke wangu akiitikia amina bila kujua ramani iliyomo ndani ya sala.

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ulipofika, katibu wa zamani alikuwa amehamia Dodoma kikazi. Mtu akapendekeza jina. Mwingine akaunga mkono. Hoja ilikuwa kwamba hakuna anayewajua wanajumuiya kuliko yeye, na kwa haki ya Mungu hoja hiyo haina jibu. Mikono ikainuka yote, na wangu ukiwemo, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa kwangu. Amekuja wa kwanza, na daftari jipya la kaunta, kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na rula ya kupigia mistari. Akakaa karibu na dirisha penye mwanga, akachora safu: jina, hitaji, maelezo. Ilipofika wakati wa mahitaji, akaanzia kwa mwenye nyumba.

"Shemeji, tukuombee nini?"

"Afya," nikasema.

Akaandika. Akainua macho, kalamu imebaki hewani.

"Afya ya nani, na inauma wapi?"