Bibi Alivyohamia Whiterun

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Lushoto kuja Dar es Salaam kutibiwa magoti, na daktari akamwambia maneno ambayo mkulima yeyote hapendi kuyasikia: akae, apumzike, asipande ngazi. Basi akakaa kwenye kochi letu la Tabata, feni inampepea, akililalamikia joto na kuzikosoa kabichi za gengeni. Kisha kijana wetu mkubwa akafunga shule, akawasha Skyrim.

Kwa wasiolijua, ni gemu la Bethesda ya Marekani, lililotoka Novemba 2011, na hadi leo watu hawajalichoka. Unaanza ukiwa mateka kwenye mkokoteni, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Mara joka linatua, kila mtu anaokoa roho yake, na kuanzia hapo nchi nzima ni yako, theluji yake, mito yake na mashamba yake. Joka lenyewe, Alduin, limekuja kuimaliza dunia, lakini lina subira ya ajabu. Ukitaka kwanza ukate kuni, ukamate vipepeo, upike supu, litakungoja hata mwaka.

Kijana alikuwa amechagua kuwa Khajiit, kabila la watu wenye sura ya paka. Bibi akambatiza Nyau. "Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "Nyau anazunguka kwenye baridi yote hiyo bila sweta?" Nilikuwa jikoni. Nikamsikia anavuta kiti mbele. Milima ilikuwa imefunikwa na ukungu, na yeye akasema, kama anayejisemea, "Hapo ni kwetu Mtae kabisa, saa kumi na mbili asubuhi."

Kesho yake akashika pedi ya gemu. Mwanzoni Nyau aligonga kuta na kutumbukia mtoni, lakini mtu aliyezoea kutembea kwenye miteremko ya Usambara haogopi njia. Habari za kupanda ngazi 7,000 kwenda kuwaona wazee wa mlimani hakutaka hata kuzisikia. Alishakatazwa na daktari. Alichotaka ni kutembea tambarare, kuchuma maua na kuchungulia nyumba za watu.

Ndipo akaligundua shamba la Pelagia, nje ya ukuta wa mji wa Whiterun. Lina kabichi. Na utaratibu wa pale ni huu: unang'oa kabichi shambani mwa mtu, mbele ya macho yake, kisha unamuuzia yeye mwenyewe, naye anakulipa sarafu. Bibi, ambaye maisha yake yote amevutana na madalali wa mboga, aliweka pedi chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu apelekewe bwana shamba!" Kisha akazing'oa zote.

Nyau alikuwa ameshapewa cheo Whiterun, na cheo kile huja na mlinzi, binti aitwaye Lydia. Lydia hubeba mzigo wowote unaompa, ila sauti yake haifichi kwamba amechoka na wewe.

"Huyu binti analipwa?" Bibi akauliza.

Mjukuu akakiri hajawahi kumlipa. Siku hiyohiyo Lydia akatuliwa kila kitu, na vyote vikaenda mgongoni kwa Nyau. Sasa Nyau anaweza kubeba uzito wa 300, zaidi ya hapo hakimbii tena, anatembea kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Bibi akafungua orodha ya mizigo apunguze. Akakuta mifupa.

Ilikuwa mifupa ya majoka. Kijana aliikusanya likizo nzima ili ufundi wake wa uhunzi ukifika 100 ajitengenezee deraya. Bibi akaiuza yote kwa Belethor, mwenye duka, akamlaza Nyau siku mbili kwa kuwa alimwona kachoka, kisha akamwandalia supu ya kabichi, liki, viazi na nyanya, akinung'unika kwamba haina chumvi. Sufuria la Whiterun lilipikwa vizuri. Maharage yangu, niliyomwomba ayatupie jicho tu, yaliungua mpaka moshi ukatoka dirishani.

Kijana aliporudi kutoka mpirani alipiga ukelele. Belethor alishabadilisha bidhaa. Kumbukumbu za kurudia nyuma nazo hazikuwepo: gemu hujisevu lenyewe ukipita mlango na kubakisha 3 za mwisho tu, na Bibi hatoki nyumbani bila kurudi ndani kuhakikisha moto umezimwa.

Baba watoto akaitisha kikao. Bibi alijitetea bila kuinuka kwenye kochi.

"Mifupa ndani ya nyumba ni ya nini? Mgeni akiiona atatuambiaje?" Halafu akaleta hesabu. Mfupa mmoja una uzito wa 15, kabichi moja robo. "Kila mfupa umenizuia kabichi 60." Hakimu, ambaye ada zake zote za shule zilitoka kwenye kabichi za huyu mama, akakohoa, akatazama dari.

Hukumu ikawa mifupa ilipwe kwa mifupa. Hatukungoja sana. Joka likaja juu ya Pelagia, walinzi wa mji wakavuta pinde, Bibi akamficha Nyau nyuma ya kinu. Likatua shambani likatema moto.

"Kabichi zangu!"

Sijui alibonyeza nini, nadhani alibonyeza vyote. Watoto walikuwa juu ya meza, kitinda mimba analia, jirani anagonga mlango akiuliza nani anapigwa na nini kinaungua. Joka lilipoanguka, Bibi alikuwa amesimama kwa magoti yaleyale, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Mjukuu akamwonyesha namna ya kuokota mifupa. Nyau akagoma kukimbia. Bibi akaipitia orodha taratibu kutoka juu hadi chini, mara mbili.

"Mpe Lydia mifupa," akasema. "Kabichi nabeba mwenyewe."