Jinsi ya Kushuka Jukwaani kwa Miguu Yako Mwenyewe

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga nyumba yake ya mabati kule Seme, Nyakach, Ahero au Mamboleo, na wa fundi atakayepanda juu ya ukuta kumfungia kenchi. Kupanda hakuhitaji mwongozo. Kijana yeyote wa huku ziwani aliyewahi kukwea mwembe wa jirani anajua kupanda. Ninaandika kuhusu kushuka: kushuka taratibu, kwa ngazi, saa kumi jioni, ukiwa na mifupa yote uliyoamka nayo.

Kabla hujagusa mti wala msumari, fukuza neno moja kwenye mjengo. Neno lenyewe ni "tu", na huwa linaingia hivi:

"Jaduong', huu ubao utatubeba?"

"Utabeba tu, omera. Panda."

Huyo omera (ndugu) nilikuwa mimi, na jaduong' (mzee) ndiye fundi. Nilikuwa na miaka 19, msaidizi wa fundi kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea mbao za paa. Ubao wa kusimamia ulikuwa umelazwa juu ya vigogo viwili, ncha yake moja imepitiliza kigogo kwa karibu nusu mita. Nilipoikanyaga ile ncha, upande wa pili uliinuka kama mzani wa muuza omena, nikaenda chini pamoja na kopo la misumari. Niliangukia lundo la mchanga. Asubuhi ya siku hiyo hapo palikuwa na mawe, yakahamishwa ili lori lipite. Tangu hapo mtu akiniambia "itabeba tu" namuuliza: itabeba kilo ngapi?

Kilo zinahesabika. Weka fundi na msaidizi wake, kila mmoja kilo 75: hizo ni 150. Mfuko wa saruji ni 50. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Tumefika 220, na bado hatujahesabu nyundo, msumeno, wala yule shemeji aliyekuja kusalimia akapanda kutazama ziwa kutoka juu. Kanuni za Marekani zinataka jukwaa libebe uzito wake lenyewe, na juu ya huo libebe mara 4 ya mzigo mkubwa kabisa unaokusudiwa. Mara 4 ya 220 ni 880. Ukiona ni nyingi, kumbuka kwamba watu hawasimami tuli kama mifuko. Wanageuka, wanarushiana mbao, wanakusanyika upande mmoja kupokea kenchi, na mti nao una vifundo ndani ambavyo hukuviona ukiununua.

Sasa twende chini, kwenye miguu ya jukwaa. Hapa nitakaa sana, kwa sababu majukwaa mengi ninayoyaona huku kwetu yana kasoro chini hata kama juu yanapendeza.

Ukijenga uwanda wa Kano unajenga juu ya udongo mweusi. Huo udongo una tabia mbili. Wakati wa kiangazi unakauka, unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukiupiga kwa jembe unarudisha jembe. Fundi anausimamisha mguu wa jukwaa juu yake na kuuona kama saruji. Kisha mvua ya Machi inanyesha usiku kucha. Asubuhi udongo umevimba, umelainika, unabeba viatu vyako kabla haujakubeba wewe, na nguzo inazama ndani yake kama mwiko kwenye ugali ambao haujaiva. Ubaya ni kwamba nguzo hazizami sawasawa. Ile ya upande maji yanakotiririka ndiyo inayotangulia, jukwaa linainama, na watu walio juu wanaegemea palepale linapoinamia.

Dawa yake ni kitako, na hesabu yake ni rahisi. Mti wenye upana wa sentimita 10 unaigusa ardhi kwa eneo la karibu sentimita 79 za mraba. Uweke juu ya kipande cha ubao mnene cha sentimita 20 kwa 60, na mzigo uleule utatandazwa kwenye sentimita 1,200 za mraba. Umeupunguzia udongo shinikizo mara 15 kwa kipande cha mbao ambacho mpishi wa mjengo alikuwa anakimezea mate kwa ajili ya kuni. Mwambie atafute kuni nyingine. Chimba kidogo mpaka upate tambarare, laza kitako, simamisha nguzo katikati yake, kisha ugongee visigino ili nguzo isiteleze. Maji ya paa na ya kunawia yaelekezwe mbali na hapo.

Na tafadhali, usipange mawe. Najua unakotoa ujasiri. Sote tumepita barabara ya kwenda Bondo tukaona Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyobebana tangu kabla ya babu wa babu zetu, na jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Mikayi hajatikisika, nakubali. Lakini vile vipande vitatu vya matofali ulivyopandanisha asubuhi hii chini ya nguzo si Mikayi. Havijatolewa mahari hata ya kuku mmoja. Tofali linapasuka ghafla, bila onyo, na mawe yaliyopangwa yanahitaji teke moja tu la mtoto anayefukuza mbuzi. Kama nguzo ni fupi, tafuta nguzo ndefu.

Nguzo zenyewe, huku kwetu, ni mikaratusi, nayo ni miti mizuri kwa kazi hii ikichaguliwa vizuri. Chagua iliyonyooka, isiyo na ufa unaozunguka, isiyoonjwa na mchwa. Gonga kwa nyundo na usikilize: mti mzima unalia, uliooza unanong'ona. Jihadhari na mti mbichi, maana unanywea ukikauka, na kamba uliyoikaza Jumatatu inakuta Ijumaa kiuno kimepungua. Kamba ya mkonge nayo inakaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo jua la baada ya mvua ni la kuogopwa kuliko mvua yenyewe. Kila asubuhi, kabla ya mtu kupanda, zunguka fundo moja baada ya jingine na ulivute kwa mkono. Uingereza, kanuni ya mwaka 2005 inataka jukwaa ambalo mtu anaweza kuanguka kutoka kwake mita 2 au zaidi likaguliwe kila baada ya siku 7. Kwa kamba, miti mibichi na mvua zetu, siku 7 ni mbali mno. Kila asubuhi.

Kisha mshazari. Nguzo nne zilizounganishwa kwa mbao za mlalo peke yake zinaonekana imara mpaka zisukumwe. Jaribu mwenyewe: gongomea fremu ya dirisha kwa msumari mmoja kila kona, isukume kwa kidole, italala ubavu. Igongee kipande kimoja kutoka kona hii hadi kona ile, isukume tena. Utachoka wewe. Jukwaa linataka vipande hivyo kwa upande wa mbele na pande za mwisho, kuanzia chini kabisa. Na kama linasimama peke yake bila kushikwa na kitu, angalia urefu wake: likipita mara 4 ya upana wa kitako chake, Wamarekani wanalazimisha lifungwe mahali ili lisipinduke. Upana wa mita 1 unakupa mita 4, na mimi ningeanza kulifunga kabla hata ya hapo, kwa sababu upepo wa ziwani hausomi kanuni.

Kulifunga wapi? Hapa pameua watu. Tarehe 27 Aprili 1978, kule Willow Island katika jimbo la West Virginia, wafanyakazi walikuwa wanajenga mnara wa kupozea wa kituo cha umeme. Jukwaa lao lilikuwa limeshikizwa kwenye saruji iliyomwagwa siku moja kabla. Saruji hiyo ilikuwa bado haijapata nguvu ya kutosha, ikaachia, na jukwaa likashuka na watu wote waliokuwa juu yake. Walikufa 51. Nafikiria siku hiyo kila ninapoona kijiti cha jukwaa kimechomekwa kwenye ukuta uliojengwa jana, udongo wa saruji bado una kidole cha fundi. Ukuta wa jana ni mtoto mchanga. Haubebi mtu mgongoni.

Kenchi nazo zina udanganyifu wao. Zikishasimama tano au sita kwenye mstari zinavutia macho, na mkono wa fundi unatamani kutundika ubao kati yake aendelee na kazi. Kama hazijaunganishwa kwa mishazari yake zenyewe, moja ikiinama zote zinalala kama mabua ya mahindi baada ya mvua ya mawe. Simama kwenye jukwaa lenye miguu yake mpaka paa liweze kujishika. Vivyo hivyo kwa mabano ya mbao yanayogongewa ukutani: msumari unaobeba mzigo kwa kukatwa ubavuni una nguvu, lakini msumari unaovutwa kutoka kwenye tundu lake utatoka, kwani ndivyo ulivyoingia.

Ubao wa kukanyaga uchunguze kama wazazi wanavyomchunguza mchumba. Anatoka kwa nani? Ubao uliotoka kumwagia slabu umejaa saruji, na chini ya saruji hiyo umejificha ufa. Ana historia gani? Ugeuze, utazame upande wa pili. Ana vifundo vikubwa kwenye ukingo? Mkatalie, hata kama ana sura nzuri. Mbao zilizopimwa rasmi za milimita 38, Waingereza hawaziruhusu kupita mita 1.5 kati ya mhimili na mhimili. Wewe mwenye mbao za kununua sokoni, zisizopimwa na mtu, huna sababu ya kuthubutu zaidi yao. Ncha ya ubao ipite mhimili angalau sentimita 5, lakini isizidi mara 4 ya unene wa ubao. Hiyo kanuni ya mwisho nimeilipia. Ncha ndefu isiyoshikwa ni kama magugu maji ya pale ufuoni Dunga: ndege anatembea juu yake kwa madaha, na wewe unaamini ni nchi kavu. Ipigilie, au ifunge, au ikate.

Juu ya jukwaa weka ubao wa kuegemea karibu mita 1 kutoka unapokanyaga, mwingine katikati, na ubao uliosimama miguuni ili nyundo isimshukie mama anayeleta uji. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa milima ya Nandi na ngurumo ikasikika, shukeni. Zile dakika tano za kumalizia msumari wa mwisho ndizo zinazomkuta mtu juu na ubao uliolowa.

Mwenye nyumba, sasa ni zamu yako, na nitasema kwa upole kwa sababu najua bei ya mabati. Fundi anapokuletea makadirio, tafuta mstari wa jukwaa. Ukikosekana, uulize. Ukiwepo, usianze kupunguzia hapo. Ukisema "tengenezeni na mabaki," umeshachagua ubao wenye ufa, na aliyeuchagua si fundi. Kenya ina kanuni za usalama wa ujenzi tangu 1984, ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na mwaka huohuo ikapata sheria ya fidia ya majeraha kazini, inayomtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima. Mkandarasi wako akuonyeshe bima hiyo kabla ya mti wa kwanza kusimama. Kama umewachukua vibarua wewe mwenyewe, mwajiri anaweza kuwa ni wewe, hata kama unajiona mtu wa kawaida unayejenga dala lako, boma lako.

Na mtu akianguka pamoja na yote haya, usimwinue. Usimkunje katikati ya watu wawili kwenye bodaboda mkikimbilia hospitali ya Russia. Mgongo uliopata ufa unaweza kukatika njiani. Mwache alale alivyo, mtu mmoja amshike kichwa kisigeuke, mwingine aite gari la wagonjwa, na kama hakuna gari mlaze juu ya ubao mpana au mlango mzima mliokwisha kuung'oa, watu wanne mkimbeba kwa mwendo mmoja.

Siku ya kubomoa, anzia juu. Usikate mshazari wa chini ili "kurahisisha", maana juu bado kuna mtu. Mbao teremsha kwa kamba, usizirushe. Zikifika chini, kaeni chini ya mwembe na nyundo mng'oe misumari yote, mmoja mmoja, mnyooshe inayonyooka na kuhesabu iliyobaki. Mbao hizo ni nzima, na mama mwenye nyumba keshaziwekea nafasi: zitakuwa banda la kuku nyuma ya jiko. Watoto wa dala watakuja kucheza hapo kesho asubuhi, bila viatu.