Jinsi ya Kuchagua Geji ya Upepo Isiyokuudhi

Wapo watu wanaonunua geji ya upepo wa tairi ili wajue ukweli. Mwongozo huu hauwahusu. Umeandikwa kwa ajili ya mtumishi wa Dodoma ambaye familia yake bado iko Dar es Salaam, Ijumaa imefika, gari limeshaoshwa, na hataki mshale wowote umharibie safari.

Hatua ya kwanza: jaribu geji uliyozaliwa nayo.
Lipige tairi teke. Likitoa sauti ya "du", limejaa. Likitoa sauti nyingine, piga tena mpaka liseme "du". Matairi ya siku hizi yanaweza kupoteza robo ya upepo na bado yakasimama kwa heshima zake zote, kwa hiyo mguu wako hautakuletea habari mbaya hata siku moja.

Hatua ya pili: ukilazimika kununua, nunua iliyokwisha anguka.
Ndani ya geji ya mshale mna mrija mwembamba uliopindwa, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Upepo ukiingia, mrija hujinyoosha na kuusukuma mshale. Geji ikidondoka kwenye lami, mrija hupinda vingine, na tangu hapo hutoa takwimu zake binafsi. Utaitambua kwa mshale unaosimama kwenye 4 ilhali haijachomekwa popote. Wakorofi hukagua kama mshale unarudi kwenye sifuri, tena huchagua yenye vazi la mpira. Waache na roho zao.

Hatua ya tatu: chukua ya lori.
Gari lako dogo linataka PSI 30 hadi 35 hivi. Geji inayofika 200 itakuonyesha mshale ukijikuna tu pale chini, na kati ya 24 na 32 hutaona tofauti ya kukukosesha usingizi. Geji za mshale huaminika zaidi katikati ya uso wake. Ndiyo maana wapenda usumbufu hununua inayoishia 60.

Hatua ya nne: liachie vumbi lifanye kazi yake.
Geji ya kalamu ni springi na pistoni tu. Itupe chini ya siti bila kifuko, upite Nkuhungu kiangazi kizima, na siku moja kijiti kitaganda. Kikiganda kwenye 32, usiitupe! Umepata geji bora kuliko zote nchini. Ukitaka ya kisomi zaidi, nunua ya betri ikuandikie 32.4. Hiyo nukta nne haithibitishi chochote, lakini inapendeza kusimulia.

Hatua ya tano: pima saa nane mchana, umetoka Mtumba.
Kila joto la tairi likipanda nyuzi 5 au 6, upepo nao hupanda kama PSI 1. Tairi lililotoka barabarani juani litakusomea namba nono. Ukipima alfajiri ya Julai, gari limelala usiku kucha na baridi ya Dodoma inauma, utaona upungufu, na kwa bahati mbaya hicho ndicho kipimo alichokikusudia aliyetengeneza gari. Kibandiko chake kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kama gari lilitumika Japani kimeandikwa kilopaskali, na mtu mwenye kiherehere angegawanya 220 kwa 6.9 akapata 32. Wewe funga mlango.

Hatua ya sita: uwe na kisingizio cha kijiografia.
Geji husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo tairi lililosoma 32 Dar litasoma karibu 34 hapa, joto likiwa lile lile. Geji mbili zikipishana kwa 8 mbele ya mkeo, sema "ni mwinuko". Asikumbuke tu kwamba zote mbili ziko uwanja mmoja.

Basi safari njema. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na likiwa na abiria watano na magunia mawili ya alizeti ya Kibaigwa, litachagua lenyewe mahali pa kukupa taarifa. Na kama kweli hupendi kuambiwa jambo na geji, tangu 2024 iko treni ya SGR mpaka Dar: magurudumu yake ni chuma kitupu, hayana upepo wa kupimwa.