Sambusa za Wasomi

Kijana anasubiri chuo, kaenda zake kongamano la fasihi ya Kiswahili. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi kaimaliza shuleni, jalada limebanduka kwa kusomwa, na swali lake kuhusu mhusika Yasmini kaliandika kabisa. Bingwa wa kwanza akaichambua riwaya hiyo kwa Kiingereza, nusu saa nzima, nadharia juu ya nadharia. Yasmini hakutajwa, wala Denge. Kijana akanyoosha mkono.

“Muda umetutupa mkono, mwanangu,” akasema mwenyekiti.

Saa ya sambusa ilikuwa imewadia, na hapo ndipo mjadala ulipopamba moto: posho. Cheti cha ushiriki kijana alipewa, jina limekosewa. Waheshimiwa, riwaya imetoka tangu 1999. Isomeni basi, watoto wanakuja chuoni.