Isifiwe Sheria Isiyotaka Noti

Katiba zina waimbaji wake, na sheria za ardhi zina mawakili wa kuzitetea. Lakini sheria inayokaa mlangoni mwa duka la vitu kuukuu, ikichungulia mkono wa anayelipa, haijapata hata ubeti mmoja. Huo ni uonevu. Sheria Na. 389 ya jimbo la Louisiana, Marekani, ya mwaka 2011, ilithubutu kuitazama dola, pesa iliyochapishwa na serikali kuu ya nchi hiyohiyo na kuandikwa kwamba inafaa kulipia deni lolote, ikaamua kwamba kwa cherehani kuukuu haifai.

Asili yake ni ya heshima. Februari 2011 tani moja ya shaba ilipita dola 10,000 katika soko la London, na kila waya uliokosa mlinzi ukaanza kuonekana kama mshahara. Rickey Hardy wa Lafayette, mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo, alipeleka mswada ili wezi wa shaba wakose pa kuuzia, na Gavana Bobby Jindal akautia saini. Mpaka hapo hakuna wa kubisha.

Sifa zenyewe zinaanzia baada ya hapo. Sheria yenye roho ndogo ingetaja shaba ikanyamaza. Hii ilimkumbatia karibu kila anayenunua au kuuza vitu vilivyokwishatumika zaidi ya mara moja kwa mwezi. Kochi, baiskeli ya mtoto, sahani alizoacha marehemu shangazi, vyote vikapandishwa cheo vikakaa daraja moja na nyaya za wizi. Kwa kipimo hicho, mama wa Gikomba au Ilala anayenunua belo mbili za mitumba kwa mwezi angekuwa ameshaingia kwenye kumbukumbu za polisi kabla hajatundika blauzi ya kwanza.

Tuseme mzee anafika dukani na cherehani ya mkewe, anataka dola 20. Zamani angeondoka na noti mfukoni, wakaagana. Chini ya sheria hii, kama ilivyopitishwa, mwenye duka huandika jina la mzee, anwani yake, namba ya leseni ya udereva na namba ya gari lililoleta mzigo. (Aliyekuja kwa miguu hakufikiriwa sana.) Kisha huielezea cherehani yenyewe kinagaubaga, na taarifa za siku nzima hupelekwa polisi kwa mtandao. Mzee hana kitambulisho? Biashara imekufa. Anacho? Atapokea hundi, hawala ya fedha au malipo ya kielektroniki, na kama hana akaunti ya benki, hundi hiyo ataipeleka kwa wanaobadilisha hundi kwa ada, ambao nao hawali hewa. Wakati huohuo askari aliyejiunga na kazi ili afukuze majambazi amepata cha kusoma kila jioni: taa ya mezani isiyo na kifuniko, viti vitatu, kimoja mguu mbovu.

Uingereza ina ndugu yake, mwembamba na mwenye adabu zaidi. Desemba 2005 sanamu ya shaba nyeusi iliyotengenezwa na mchongaji Henry Moore, yenye uzito wa zaidi ya tani 2 na thamani iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 3, iliibiwa Hertfordshire. Polisi waliamini kwamba ilikatwakatwa ikauzwa kama chuma chakavu kwa pauni 1,500 hivi. Desemba 2011 ikafuata ya mchongaji Barbara Hepworth, iliyong'olewa Dulwich Park jijini London. Tarehe 3 Desemba 2012 England na Wales zikapiga marufuku kulipia vyuma chakavu kwa taslimu. Makochi yaliachwa kwa amani yake. Wakusanyaji wanaozunguka mitaani nao waliachwa mwanzoni, mpaka sheria ya 2013 ilipokuja kuwabana. Wizi wa vyuma ulipungua sana miaka iliyofuata, na kwa kuwa bei ya shaba nayo ilishuka, sifa itabidi zigawanywe. Baadaye bei za paladi na rodi zilipopanda, wezi walihamia chini ya magari, wakikata kifaa cha kusafishia moshi chenye madini hayo.

Kenya haikuhangaika na noti. Januari 11, 2022, minara ya umeme ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, ikidaiwa kuhujumiwa na wezi wa vyuma, na nchi ikaingia gizani. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaifunga biashara yote ya vyuma chakavu, iwe ya taslimu au ya simu, hadi Mei. Na kweli, kuzuia noti peke yake kungesaidia nini katika nchi ambayo tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hata gunia la vyuma hulipwa kwa simu?

Turudi Louisiana, maana sifa moja imebaki, nayo ni ya ukarimu. Sheria ile iliyomshuku muuza makochi iliyaacha nje maduka ya rehani, yenye sheria yao wenyewe, ambako mtu aliyeishiwa huacha saa yake na kukopeshwa kwa riba. Iliziacha pia taasisi za hisani zisizotafuta faida. Kwa hiyo mwenye cherehani ya wizi hakutupwa kabisa: angeweza kuiweka rehani, kama yuko tayari kuonyesha kitambulisho, akapewa noti zake palepale, au, ikiwa dhamiri inamsumbua, akaitoa sadaka.