Inchi Elfu Ishirini na Mbili

Mimi ni wakala wa forodha hapa Oraba, mpakani mwa Uganda. Kutwa nabishana na madereva juu ya tani, maboksi na lita, na mpaka wenyewe haukupi nafasi ya kusinzia. Ukivuka kuingia Kaya, Sudan Kusini, unahamia upande wa kulia wa barabara, na tangu Februari 2021 unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Mtu wa kazi hii humdanganyi kwa vipimo. Ndivyo nilivyodhani.

Daktari wa Arua alinipandisha kwenye mizani, ikasoma kilo 96. Akauliza kama natembea. Nikamjibu nina gari. Aliniangalia hivi kwamba nilipotoka pale nikaenda kununua mashine ya kukimbilia, ya mtumba, kwa mfanyakazi wa misaada aliyekuwa akirudi kwao. Ikafika nyumbani Koboko juu ya pikapu, imelala kati ya magunia ya muhogo.

Jioni ya kwanza nikabonyeza 6. Kilomita sita kwa saa, nikawaza, ni mwendo wa mama anayewahi soko kabla ya mvua. Dakika ya tatu ndala moja ilikuwa chini ya kabati, nami nimekumbatia vishikio kama mlevi na nguzo. Mama Watoto akatokea mlangoni na mwiko.

"Baba, huko ndiko kutembea?"

Wiki mbili nilijua moyo umekwisha. Nikaanza kuwaonyesha watoto nani ananidai na nani namdai.

Kijana wangu wa darasa la sita ndiye aliyeuliza: "Mashine yenyewe umeipima?" Nikaona haya. Kila siku nadai karatasi ya mizani kwa lori la mtu, na langu sijalikagua!

Tukaazima tepu ya fundi cherehani. Umeme umezimwa, tukausogeza mkanda kwa mkono, chaki hapa, chaki pale, hadi alama ya kwanza ikarudi juu: inchi 110. Tukawasha, tukaweka 6, kijana akahesabu alama ikipita, mama yake ameshika simu. Mizunguko 20, sekunde 21. Hiyo ni karibu mita 56, yaani kilomita 9.6 kwa saa. Mashine ilikuwa ikisoma maili!

Nilivimba. Stephen Kiprotich alipochukua dhahabu ya marathoni London 2012 kwa saa 2:08:01, alikwenda karibu kilomita 20 kwa saa. Mimi, na kitambi hiki, nilikuwa karibu nusu ya Kiprotich! Nikawapigia simu mawakala wenzangu wawili. Wa tatu hakupokea.

"Umepima mkanda mtupu," akasema Mama Watoto. "Panda."

Nikapanda. Chini ya kilo 96 mota ikaguna, mkanda ukaanza kuteleza kwenye rola. Mizunguko ileile 20 ikachukua sekunde 24: kilomita 8.4. Nilidumu dakika nne. Kioo kikaonyesha 0.40. Kijana, asiye na huruma na hesabu, akaandika mita 560.

Juzi nilirudi Arua. Daktari akauliza nakimbia kilomita ngapi.

"Inchi elfu ishirini na mbili," nikamwambia. "Kwa siku."

Akaandika.