Kijiko cha Alfajiri

Mwanetu wa miaka minne alikuwa na ngiri, uvimbe laini kinenani uliotokeza kila alipokohoa au kulia. Daktari alipotupangia siku ya upasuaji, nyumba nzima ikawa na kazi moja tu, kumwandaa mtoto. Baba yake alinunua kandambili mpya, shangazi yake akafua kanga za kumfunika. Mama mkwe, aliyesafiri kutoka Muheza kwa ajili ya mjukuu, alijitwika kazi yake mwenyewe: mtoto asilie.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilirudia masharti mbele ya wote. Chakula na maziwa mwisho saa sita kabla ya upasuaji. Maji matupu mwisho saa mbili kabla. Mama mkwe akaitikia, "Nimesikia, mwanangu."

Alfajiri nilipoingia bafuni, akamchemshia mtoto chai ya maziwa na kumtilia kijiko cha dawa ya mafua iliyobaki kabatini, ile inayoleta usingizi. Alitaka mjukuu afike hospitali akiwa amelala.

Kule wodini daktari wa usingizi alimwinamia mtoto mwenyewe. "Asubuhi umekunywa nini, rafiki yangu?"

"Chai ya bibi. Na dawa tamu."

Upasuaji ukaahirishwa papo hapo. Mama mkwe akaangua kilio. Daktari akavuta kiti akaketi naye. "Mama, najua umefanya kwa mapenzi," alimwambia, "lakini mtu akiwa kwenye nusukaputi hawezi kukohoa wala kujikinga. Chai ile ikipanda kutoka tumboni inaweza kuingia kwenye mapafu. Na dawa yako ikikutana na ya kwetu, mtoto anaweza kushindwa kupumua."

Siku ya pili tuliyopangiwa, mama mkwe alikaa mlangoni mwa jikoni tangu alfajiri, na hakuna aliyepita na kikombe. Tulipofika, sista alimpima mtoto uzito kwanza, maana kipimo cha dawa ya kutuliza hufuata kilo. Midazolamu ya kunywa, ambayo hutumika sana, kwa kawaida ni nusu miligramu kwa kila kilo. Mwanetu mwenye kilo 16 akapewa miligramu 8. Hupewa kama nusu saa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Ni chungu, hata ikichanganywa na sharubati. Sista aliipitisha pembeni mwa shavu kwa bomba lisilo na sindano, na mtoto akatema sehemu yake kwenye aproni. Mama mkwe akanyoosha mkono: "Mwongeze kidogo, mwanangu." Sista akakataa. Hakuna ajuaye kiasi gani kimemezwa, kwa hiyo hawezi kuongeza kwa kubahatisha. Akamwita daktari, naye akaagiza tusubiri.

Ilitosha. Baada ya muda mtoto alilegea, akacheka peke yake, akamwita daktari "babu". Alitaka kushuka kitandani, miguu ikakataa. Nikamshika, kwani mtoto aliyekunywa dawa hiyo haachwi peke yake hata dakika moja. Sista alibaki karibu akitazama kupumua kwake. Wapo watoto ambao dawa hiyo huwageuza, wakawa wakali badala ya kutulia, na hilo nalo lataka mtaalamu aliye karibu. Wetu alichukuliwa bila kulia. Alipozinduka alilia kwa kizunguzungu na maumivu, maana dawa ya kutuliza haiondoi maumivu, nayo yana dawa yake. Lakini mlango ule alioingizwa hakuukumbuka kabisa.

Wazazi, mabibi na mashangazi, hofu ya mtoto ni ya kweli na inastahili tiba. Mwambieni ukweli kwa maneno anayoyaelewa, mwombeni daktari dawa ya kumtuliza ikiwa anahofu sana, na mtajieni kila kilichopita kinywani mwa mtoto, hata kijiko kimoja. Dawa zilizobaki kabatini zisiguswe. Upasuaji ukiahirishwa utapangiwa siku nyingine. Pumzi ya mtoto haina siku nyingine.